Tangazo la Kumtafuta Evelyne

Wiki tatu baada ya kumzika Mama nilikwenda duka la vifaa vya ujenzi kule Penrith, pembeni mwa Sydney, kununua mbao za kutengenezea rafu. Sikuhitaji rafu. Nilihitaji mahali ambapo hakuna mtu wa kuniuliza kama nimekula. Nilipoingia upande wa mbao, harufu ya msonobari mbichi ikanikumba, na nikajikuta nimesimama katikati ya njia nalia kwa sauti, watu na matoroli yao wakinizunguka kwa adabu. Kijana mmoja mwenye aproni akaniuliza, "You right there?" Nikamwambia niko sawa, natafuta skrubu.

Harufu ile ni ya Baba. Alifanya kazi Smithfield, kwenye kiwanda cha paleti, zile fremu za mbao za kupakilia mizigo, na utoto wangu wote mikono yake ilinuka msonobari hata akiiosha mara tatu. Sasa mtu ataniuliza, Baba yu hai, iweje harufu yake initoe machozi ya Mama? Jibu lake liko kwenye kitabu kimoja cha Amerika, na jambo nililolifanya juu ya kitabu hicho nikiwa na miaka kumi. Sijawahi kulisimulia. Hata mume wangu analijua nusunusu.

Tulikuwa tunakaa Rooty Hill, karibu na reli kiasi kwamba treni ikipita vikombe vinagongana kabatini. Jumamosi asubuhi Mama alikuwa zamu kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na Baba aliniita mezani tusome. Kitabu alikinunua kwenye duka la mitumba: kizito, pembe zimeliwa, kinanuka sigara za mwenyewe wa kwanza. Kilikuwa cha watoto wa shule wa Kimarekani, nusu historia, nusu hadithi na mashairi ya zamani. Baba alikichagua kwa sababu kilikuwa kinene kuliko vyote. Kitabu chembamba, kwa maoni yake, kilikuwa cha mtu mvivu. Alitaka Kiingereza cha maana, si kile cha kiwandani cha kuambiwa inua hiki, sogeza kile.

Nyinyi mliokulia ugenini mnaijua kazi niliyopewa. Nilisoma sentensi kwa Kiingereza, kisha nikamweleza Baba kwa Kiswahili. Siku nyingine niliifanya kazi hiyo hiyo benki, kwa daktari, na kwa mwalimu wangu mwenyewe, ambako nilijitafsiria sifa ambazo mwalimu hakuzitamka. Kiswahili nilikielewa chote, ila nikijibu nilijibu Kiingereza, kama watoto wenzangu wote wa kanisani. Kwenye kazi hiyo tu ndipo nilipolazimishwa kusema Kiswahili. Tukasoma habari za meli na wahamiaji, mashamba ya pamba, vita vya wenyewe kwa wenyewe. Tukasoma hadithi za mabaharia, na za mayatima ambao ukurasa wa mwisho hugundua kwamba kumbe wana ndugu.

Nilikuwa na aibu yangu ya siri. Wakati ule watu wazima wa kanisani walikuwa wanajiandaa kwa mtihani wa uraia, na mimi, nikimwona Baba anavyokariri habari za Amerika, niliamini kabisa kwamba amechanganya nchi. Nilimwona kichwani ameketi mbele ya afisa, anaulizwa juu ya bendera ya Australia, naye anajibu mambo ya pamba. Nilimhurumia na kumwonea haya kwa pamoja, na sikumwambia. Kumbe mtihani alikuwa ameshafaulu mwaka uliotangulia, akala na kiapo siku ambayo mimi nilidhani tumekwenda ukumbini kula keki.

Mama alikuwa na jambo lake pia nililolielewa vibaya. Kanisani walimwita Mama Evelyne, na mpaka nilipofika miaka minane nilidhani Evelyne ni jina lake mwenyewe. Evelyne alikuwa dada yangu. Alipotea akiwa na miaka mitano, siku wazazi wangu walipokuwa wakikimbia kutoka Burundi kuingia Tanzania. Alikuwa ameshika kitenge cha bibi. Watu walikuwa wengi, risasi zikalia, wakatawanyika kwenye matete ya mtoni. Bibi alipatikana kesho yake, kitenge kiko kiunoni, mtoto hayupo. Mimi nilizaliwa kambini miaka mitatu baadaye, na nilipofika duniani nilikuta nyumba yetu ina kilio.

Kabla ya hapo Mama alikuwa mwimbaji. Si mwitikiaji, bali yule anayeanzisha wimbo, ambaye kwaya nzima humsubiri avute pumzi. Alipompoteza Evelyne alisema hataimba tena mpaka kilio kile kiishe, na kweli hakuimba. Mimi sijawahi kuisikia sauti yake ya kuimba. Hata aliponibembeleza nilale hakuimba, alihesabu. Moja, mbili, tatu, akinipigapiga mgongoni taratibu, na nilipokwenda kulala kwa rafiki nikashangaa kuona mama wa wenzangu hawahesabu.

Lazima nieleze kidogo, maana si wote mnaotoka kwetu. Kwetu Burundi kilio hakiishi kwa mazishi. Baada ya muda ndugu hukutana tena, wakapika, wakanywa, wakasimulia maisha ya marehemu, kisha mkuu wa familia husimama na kutamka kwa kinywa chake kwamba kilio kimekwisha. Sisi tunasema kuganduka, Waswahili wanasema kuanua matanga. Kabla ya hapo huchezi wala hufanyi sherehe. Na wa kutamka ni mmoja tu. Asipotamka, mtaketi kwenye kilio mpaka mzeeke.

Kwa Evelyne Baba alikuwa amekataa miaka yote. Halafu mwaka ule Mama akaomba tena, na akamleta Mzee Salvator, mzee wa kanisa letu, aombe pamoja naye. Nilikuwa nimekaa chini ya meza nachora. Nilimsikia Baba akisema, kwa kuchanganya Kifaransa kama kawaida yake, "Bon. Tutaganduka." Ikapangwa Jumamosi moja ya likizo ya shule.

Nyumba ikabadilika. Mama akanunua kitenge cha njano, yeye ambaye nilimjua kwa kahawia na bluu ya kazini, akakitundika nyuma ya mlango wa chumba chao. Akaweka sombe, yaani kisamvu, kwenye friza, pakiti kwa pakiti. Siku moja nilimkuta gereji, amesimama mbele ya mashine ya kufulia, mkono mmoja tumboni, anavuta pumzi ndefu na kuiachia polepole, tena na tena. Nilidhani anaumwa. Nilimuuliza kama nimwite Baba, akacheka, akanishika shavu. "Siumwi, mwanangu. Nafanya mazoezi." Mazoezi ya nini sikuuliza. Nilikuja kuelewa nikiwa mtu mzima, nikiwa kwenye foleni ya magari, na ilibidi niegeshe pembeni.

Zilikuwa zimebaki wiki mbili tulipofika kwenye ukurasa ule. Kulikuwa na picha ya gazeti la zamani lenye matangazo madogomadogo. Kitabu kilieleza kwamba watumwa wa kule walipoachwa huru, wengi hawakujua jamaa zao wako wapi, maana mume aliuzwa huku, mke kule, mtoto kwingine kabisa. Wakaanza kutoa matangazo kwenye magazeti. Tangazo moja lilikuwa la mama anayemtafuta binti yake. Alitaja jina la binti, jina la bwana aliyemuuza na la aliyemnunua, mahali walipoachana, na akawaomba wachungaji wamsomee makanisani mwao.

Baba akaweka kikombe chini. Kule kambini yeye ndiye aliyekuwa msomaji wa matangazo baada ya ibada: kwaya ikutane saa ngapi, mahindi yatagawiwa lini, na watoto waliopotea. Mtoto wa kike, miaka minne, gauni la kijani, anaitikia jina fulani. Miaka na miaka aliwasomea watu matangazo ya watoto wao. La kwake alilisoma mara moja tu, akashindwa kulimaliza.

"Rudia," akaniambia.

Nikarudia.

"Na wachungaji walisoma? Kanisani?"

"Walisoma."

"Kama sisi," akasema, na uso wake ulikuwa mpya kabisa. "Sikiza, Dina. Watu ile walifanya kama sisi." Akasogeza kiti karibu. "Donc alimpata? Huyu mama, alimpata mtoto wake?"

Chini ya picha kulikuwa na mistari mitatu. Niliisoma kimoyomoyo. Ilisema haijulikani kama mama yule alipata jibu, na kwamba wengi waliotoa matangazo kama hayo hawakuonana tena na watu wao.

Nimejitetea kwa njia nyingi tangu siku ile. Nimejiambia kwamba sikuwa na Kiswahili cha kutosha kusema haijulikani, na ni kweli, neno hilo sikuwa nalo. Nimejiambia kwamba shuleni tulikuwa tumefundishwa hadithi ina mwanzo, katikati na mwisho, na lile tangazo halikuwa na mwisho, kwa hiyo nikadhani wachapaji wamesahau. Hilo nalo ni kweli kiasi. Ni kweli pia kwamba Tayla wa jirani alikuwa ananiita ukutani nikaruke kwenye trampolini yao, na nilikuwa nimechoka na Amerika. Lakini kubwa zaidi ulikuwa uso wa Baba. Sikuwahi kumwona ananitazama vile, kana kwamba jibu linatoka kwangu na si kwenye kitabu.

"Alimpata," nikasema.

"Wapi?"

"Kanisani. Mchungaji alisoma, na yule binti alikuwa amekaa palepale."

"Baada ya miaka ngapi?"

"Twenty."

"Ishirini!" Baba akashika kichwa. "Miaka ishirini, Mungu wangu."

Na mimi, mtu wa maneno mengi tangu kuzaliwa, sikuishia hapo. Nikaongeza kwamba mama alimtambua kwa kovu, kwamba watu wote walisimama, kwamba walilia. Baba akafunika uso kwa ile mikono yake ya msonobari, mabega yakatikisika. Nikauliza kama naweza kwenda kuruka. Akaniruhusu kwa kichwa. Niliruka mpaka saa ya chakula cha mchana, nina furaha kwamba nimemfurahisha baba yangu.

Mama alirudi kazini saa tisa. Nilikuwa chumbani kwangu, nikasikia kila neno.

"Mama Evelyne, hatuganduki."

"Umesema nini?"

"Mtoto amesoma mu kitabu. Mama wa kule alikaa miaka ishirini, na alimpata. Sisi ni kumi na tatu tu. Nitasimama namna gani mbele ya watu niseme mtoto wangu amekufa? Na kama amekaa mu kanisa fulani, anangojea kusikia jina yake?"

Mama hakupiga kelele. Nilisikia anaweka funguo mezani, kisha hatua zake zikaja chumbani. Alikuwa bado na sare ya kazini na kile kibandiko cha jina lake kifuani. Akachuchumaa ili macho yetu yawe sawa. Baba alikuwa amesimama mlangoni nyuma yake, anatabasamu, ananitia moyo kama mtu anayesubiri mtoto wake aimbe shairi mbele ya wageni.

"Dina. Niangalie mimi, usiangalie baba yako. Kitabu ile ilisema ivyo kweli?"

Nilijua wakati ule ule kwamba anachoniuliza ni kikubwa. Sikujua ukubwa wake ni wa nini. Ningeweza kusema. Neno moja lingetosha, na ningechapwa kidogo, na Jumamosi mbili baadaye mama yangu angevaa kitenge chake cha njano.

"Yeah, Mum," nikasema.

Kwa Kiswahili nadhani nisingeweza. Kiingereza kilinisaidia kujificha. Mama akanitazama kidogo zaidi, akasema, "Sawa," akainuka kwa kujishikiza kwenye kitanda changu. Kesho yake kile kitenge hakikuwa mlangoni.

Siku yenyewe watu walikuja hivyohivyo, maana walishaalikwa, na Mama alisema chakula hakitupwi. Walitoka Blacktown, wengine Penrith, wamevaa vizuri. Mzee Salvator alikaa kwenye kiti kikubwa, anasubiri Baba asimame atamke. Baba akasimama, na badala ya kutamka akatoa karatasi mfukoni. Akasoma tangazo. Alilipanga kama lile la Amerika: jina la mtoto, la baba na la mama, la bibi aliyekuwa naye, rangi ya kitenge, mahali pa mtoni walipoachana, alama ya kuungua kwenye mkono wa kushoto. Akawaomba kila mwenye ndugu kambini au nyumbani ampelekee mchungaji wake alisome. Safari hii alimaliza bila kukatika sauti.

Watu wakasema amina, lakini amina ya mashaka. Mama mmoja, kwa huruma tu, akaanzisha wimbo wa faraja na kumgeukia Mama ampokee. Mama akatikisa kichwa, akaenda kuongeza sombe kwenye bakuli. Aliwahudumia wote siku ile, mpaka watoto. Mimi alinipa nyama mbili.

Baada ya hapo tangazo likawa kazi yetu ya kila mwaka. Yeyote aliyesafiri alibebeshwa nakala. Baba alitamka, mimi nikaandika, kwa kuwa mwandiko wangu ulisomeka. Mara mbili walipatikana Evelyne wengine, wa watu wengine, na Baba akafurahi kwa ajili ya wazazi wao kwa siku kadhaa. Wetu hakupatikana. Miaka ishirini ilifika, ikapita. Niliisubiri kwa hofu, nikidhani atakata tamaa, kumbe alisema tu kwamba Amerika ni nchi kubwa ila Afrika ni kubwa zaidi. Nilipokuwa na miaka kumi na sita nilikitumbukiza kile kitabu kwenye pipa la takataka asubuhi ya gari la taka, nikamwambia nimekiazimisha shuleni.

Na Mama alizeeka bila kuimba. Aliwapeleka wenzake kwenye harusi na kuwarudisha kutoka misibani, akaketi benchi la tatu na kitabu cha nyimbo kimefunuliwa mapajani, kinywa kimefungwa. Alinipenda sana. Hakuwahi kuniuliza tena juu ya kitabu, na hilo limeniumiza kuliko kama angeniuliza kila siku.

Alipolazwa, kansa ikiwa imeshamaliza kazi yake, wanawake wa kanisani walikuja kumwimbia kitandani. Alisikiliza, vidole vikipiga shuka kwa mapigo sahihi. Walipoondoka tukabaki wawili, jua la alasiri likiwa miguuni pake. Nikasema, "Mama, kuna kitu nataka kukuambia." Akafumbua macho na kunitazama kwa uchovu mkubwa, akiwa tayari kabisa kusikia. Nikashindwa. Nikaanza kumhesabia. Moja, mbili, tatu. Nilipofika mia mbili alikuwa amelala, na hakuamka tena vizuri. Najichukia kwa alasiri ile kuliko kwa yote.

Ndiyo maana siku ile ya mbao, nilipoacha kulia, niliamua nisiende nyumbani kwangu. Nikaendesha moja kwa moja mpaka Rooty Hill kumwambia Baba ukweli. Nilikuwa nimepanga kila neno njiani, na safari hii kwa Kiswahili. Nilitaka akubali kuanua kilio cha Evelyne, hata kama Mama hayupo wa kukifurahia. Nilitaka pia kutua mzigo wangu, sitasema uongo.

Nilimkuta mezani, miwani puani, karatasi nyeupe mbele yake.

"Umekuja saa nzuri," akasema. "Mtoto wa Salvator anasafiri Jumatano. Kaa, andika."

Nikakaa. Nilijiambia nitasema akimaliza. Akatamka, nami nikaandika yaleyale ninayoyajua kwa moyo: jina, mto, kitenge, mkono wa kushoto. Baba yako yuko Sydney, nchi ya Australia, ni mzima.

"Mama yako yupo," akaendelea. "Anakungoja."

Kalamu yangu ikasimama.

"Andika, Dina."

"Baba. Mama..."

"Najua mahali mama yako yuko. Si mimi niliyetupa udongo wa kwanza?" Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akakaa nayo mkononi. "Sikiza. Ule mtoto akisikia mama yake amekufa, atakuja kufanya nini? Kwangu? Mama yako alitaka kumbeba mgongoni siku ile. Mimi ndiye nilisema hapana, una mizigo, ashike kitenge ya bibi." Akaikunja miwani. "Mimi ndiye nilisema."

Treni ikapita, vikombe vikagongana kabatini. Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, na sikuwa nimewahi kuambiwa hilo. Mama alilijua miaka yote, na alikuwa akisubiri kumsamehe Baba kwa wimbo siku ile ya kuganduka, siku ambayo mimi niliifuta. Yale maneno niliyoyapanga njiani kwa Kiswahili safi yalikuwa bado mdomoni, na nikamtazama mzee huyu, mikono yake juu ya meza, nikaona kwamba ukweli wangu ungenisaidia mimi tu.

Nikaandika: Mama yako yupo. Anakungoja.

"Nisomee," akasema Baba.

Nikamsomea polepole, neno kwa neno, kama lilivyoandikwa.